Programu yako ya kwanza: andika, endesha, soma kosa, rekebisha

Wengi wanaokaa mbele ya kompyuta kuandika programu kwa mara ya kwanza huogopa kitu kimoja: kwamba wakikosea herufi wataharibu mashine. Hawataharibu. Programu tutakazoandika hapa zinaonyesha maneno kwenye skrini na kusoma unachoandika kwa kibodi, basi. Ukikosea, mara nyingi kompyuta itakataa na itakuambia imekwama wapi. Leo utakosea mara nyingi, na baadhi ya makosa hayo nitakuomba uyafanye kwa makusudi, kwa sababu anayejua kusoma ujumbe wa kosa anaweza kuendelea hata akiwa peke yake usiku wa manane, hana wa kumuuliza.

Programu ni orodha ya amri. Kompyuta inazifuata kutoka juu kwenda chini, moja baada ya nyingine, bila kubahatisha ulikusudia nini. Mtu ukimwambia "niletee kile pale", atatazama unakoelekeza kidole na kuelewa. Kompyuta inasoma kilichoandikwa tu.

Tutatumia lugha ya Python. Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na leo inatumika katika utafiti wa sayansi, tovuti na akili bandia. Mimi naipendekeza kwa anayeanza kwa sababu moja kubwa: mstari mmoja unatosha kuwa programu kamili. Baadhi ya lugha nyingine zitakudai mistari kadhaa ya utangulizi usiyoielewa bado, na kuandika usichokielewa ni mwanzo mbaya.

## Kuandaa mashine

Nenda kwenye tovuti ya python.org, sehemu ya kupakua, uchukue toleo jipya la Python 3. Ni bure. Ukiwa unatumia Windows na wakati wa kusakinisha ukaona kisanduku kilichoandikwa `Add python.exe to PATH`, kitie alama kabla ya kuendelea. Kisanduku hicho ndicho kinachoiwezesha kompyuta kuipata Python popote utakapoiita. Kwenye Linux mara nyingi Python imo tayari, na kwenye macOS kisakinishi cha tovuti hiyo hiyo kinatosha. Kama huna kompyuta lakini una simu ya Android, programu iitwayo Pydroid 3 itakufikisha mbali. Vitufe vitatofautiana na ninavyovieleza hapa, ila msimbo wenyewe, yaani amri unazoziandika, ni ule ule.

Angalia namba ya toleo. Toleo la 2 liliachwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2020, lakini mafunzo yake bado yamezagaa kwenye intaneti. Utayatambua kwa urahisi: wanaandika `print` bila mabano. Ukikutana na somo la namna hiyo, liache utafute lingine.

Python ikisakinishwa, kwa kawaida inakuja na kihariri chake, yaani programu ya kuandikia msimbo, kiitwacho IDLE. Kitafute kwenye orodha ya programu zako, ukifungue. Kuna vihariri vizuri zaidi na siku moja utahamia huko, lakini vina menyu nyingi mno kwa siku ya kwanza. Kitu kimoja tu nakusihi: usiandike msimbo kwenye programu ya kuandikia barua na ripoti. Zile programu hubadilisha alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda ili zipendeze, na Python haizijui zilizopinda. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa sababu hiyo nilipokuwa naanza. Msimbo ulionekana sahihi kila nilipoutazama, mpaka nilipousogeza karibu na macho nikaona vile vijialama vimelala upande.

IDLE ikifunguka utaona dirisha lenye alama hizi mwanzoni mwa mstari: `>>>`. Hapa wanaoanza wengi hupotea njia. Dirisha hili ni la kuzungumza na Python papo kwa papo. Ukiandika `2 + 3` na kugonga Enter, linajibu 5. Ni zuri kwa majaribio, ila ukilifunga, programu yako haibaki popote kama faili la kuendesha tena. Programu tunayotaka kuitunza inaandikwa kwenye dirisha la pili: fungua menyu ya File, chagua New File. Dirisha tupu lisilo na `>>>` ndilo letu.

## Mstari wa kwanza

Kwenye dirisha tupu, andika hivi kwa vidole vyako mwenyewe. Usinakili.

```
print("Hujambo, dunia!")
```

Nasema usinakili kwa sababu vidole vinahitaji kujua mabano yako wapi kwenye kibodi, na macho yanahitaji kuona rangi zinavyobadilika. Ziangalie: kwa mpangilio wa kawaida wa IDLE, `print` inageuka zambarau, kwa kuwa Python inalifahamu neno hilo, na yaliyo ndani ya alama za kunukuu yanakuwa kijani, kwa kuwa hayo ni maneno yako yatakayopita yalivyo. Rangi hizi zitakuokoa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hifadhi faili kwenye folda utakayoikumbuka, ulipe jina `salamu.py`. Mwisho wa jina, `.py`, ndio unaoonyesha kwamba hili ni faili la Python. Kisha fungua menyu ya Run, chagua Run Module, au gonga kitufe cha F5. Lile dirisha la kwanza litajitokeza na kuandika:

```
Hujambo, dunia!
```

Umeandika programu na umeiendesha. Salamu ya namna hii ina historia yake. Brian Kernighan wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliitumia katika maandishi ya kufundishia lugha za programu za B na C miaka ya 1970, na tangu hapo waandika programu wengi wameanza nayo. Kazi yake si kuonyesha ujuzi. Inathibitisha kwamba mnyororo mzima unafanya kazi: Python imesakinishwa, faili limehifadhiwa, amri ya kuendesha inafika. Hata mtaalamu akihamia kompyuta mpya, mara nyingi huanza na kitu kidogo hivi, ili kesho kitu kikubwa kikikataa ajue tatizo liko kwenye msimbo wake, si kwenye mashine.

## Sasa iharibu programu

Futa alama ya kunukuu ya mwisho, ibaki hivi:

```
print("Hujambo, dunia!)
```

Kabla hujaendesha, tazama rangi. Kijani kimemwagika hadi mwisho wa mstari, na mabano ya kufunga yamegeuka kijani pia. Python inadhani mabano hayo ni sehemu ya maneno yako, maana hukuiambia maneno yanaishia wapi. Endesha. IDLE itafungua kidirisha kidogo na kuandika ujumbe unaofanana na huu:

```
unterminated string literal
```

Maana yake: maneno yaliyofunguliwa kwa alama ya kunukuu hayakufungwa. Rudisha alama, endesha tena, hakikisha salamu imerudi. Kisha fanya kosa la pili, uiondolee `print` herufi ya i:

```
print("Naanza")
prnt("Hujambo, dunia!")
```

Tofauti hapa ni kubwa na inafaa uitazame polepole. Safari hii neno `Naanza` linatokea kwanza, kisha yanafuata maandishi mekundu yanayoishia hivi:

```
NameError: name 'prnt' is not defined. Did you mean: 'print'?
```

Kwa nini kosa la kwanza lilizuia kila kitu na hili limeruhusu mstari wa juu upite? Kabla ya kutekeleza chochote, Python inalisoma faili lote kuona kama limeandikwa kwa kufuata sarufi ya lugha yake. Alama isiyofungwa ni kosa la sarufi, kwa hiyo hakuna hata mstari mmoja ulioanza. Lakini `prnt("...")` kisarufi ni sawa kabisa: ni jina lenye mabano. Python inagundua kwamba jina hilo halipo pale tu inapolifikia. Ukilielewa hili, kila programu ikikatika utajua pa kuanzia kutafuta. Kama hakuna kilichotokea kabisa na kosa linaitwa `SyntaxError`, tafuta alama: mabano, nukta mbili, alama za kunukuu. Kama imefanya kazi kidogo kisha ikasimama, nenda kwenye mstari iliosimamia.

Maandishi mekundu yanaweza kuwa marefu na kutisha. Anza kuyasoma kutoka chini. Mstari wa mwisho kabisa unataja aina ya kosa na sababu yake. Juu yake utaona neno `line` na namba ya mstari. Nenda kwenye mstari huo. Ukiukagua usione tatizo, kagua mstari ulio juu yake, maana mabano yaliyosahaulika mara nyingine hujionyesha mstari unaofuata. Halafu rekebisha kitu kimoja tu, uendeshe tena. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na programu ikakubali, hutajua ni kipi kilichokuwa kibaya, na kesho utarudi pale pale.

## Programu inayouliza

Fungua faili jipya, uliite `karibu.py`:

```
jina = input("Unaitwa nani? ")
print("Karibu,", jina)
```

Endesha, andika jina lako, gonga Enter. `input` inaandika swali, inasubiri, kisha inarudisha ulichoandika. Alama ya `=` hapa si ile ya darasa la hesabu. Inasema: chukua kilichopatikana upande wa kulia, kitunze kwa jina lililo upande wa kushoto. Jina hilo tunaliita kigeu, kwa kuwa kilichomo kinaweza kugeuka. Programu ikiendeshwa na mtu mwingine, kigeu kilekile kitabeba jina jingine.

Jaribu kuandika `print("Karibu, jina")` uone kitakachotokea. Itaandika neno lenyewe, jina, kwa sababu umelitia ndani ya alama za kunukuu. Ndani ya alama ni maneno tu; nje ya alama ni majina ambayo Python inayatafutia maana. Karibu kila anayeanza huteleza hapa, na akishaona kwa macho yake harudii tena.

Sasa kosa ambalo mimi naliona la hatari kuliko yote ya siku ya kwanza, kwa kuwa halina maandishi mekundu:

```
kwanza = input("Namba ya kwanza: ")
pili = input("Namba ya pili: ")
print(kwanza + pili)
```

Weka 5, kisha 7. Jibu ni 57.

Programu haikukatika. Imetoa jibu kwa ujasiri, na jibu ni la uongo. Sababu yake ni kwamba `input` daima inarudisha maandishi, hata ukiandika tarakimu, na kwa maandishi alama ya kujumlisha maana yake ni kuunganisha: 5 ikabandikwa kando ya 7. Ili yawe namba ni lazima uyageuze kwa `int`:

```
kwanza = int(input("Namba ya kwanza: "))
pili = int(input("Namba ya pili: "))
print(kwanza + pili)
```

Sasa utapata 12. Hesabu mabano mwishoni mwa mistari miwili ya juu: yako mawili, moja linafunga `input`, jingine linafunga `int`. Ukiandika neno "saba" badala ya tarakimu, utapata `ValueError`, kwa sababu `int` inajua kugeuza tarakimu tu. Na tangu leo jizoeze hivi: kila programu inayokokotoa kitu, ijaribu kwanza kwa namba ambazo jibu lake unalijua kichwani.

## Programu yenye uamuzi

Tulivyonavyo vinatosha kutengeneza mchezo mdogo. Kompyuta inachagua namba kwa siri kati ya 1 na 100, wewe unakisia, nayo inakuambia upande au ushuke. Faili liite `kisia.py`. Usiliite `random.py`, kwa sababu kwa amri ya `import` tutaazima kifurushi, yaani msimbo ulioandikwa tayari, chenye jina hilo, na Python italichukua faili lako badala yake.

```
import random

namba = random.randint(1, 100)
jibu = 0
mara = 0

while jibu != namba:
    jibu = int(input("Kisia: "))
    mara = mara + 1
    if jibu < namba:
        print("Ndogo. Panda juu.")
    elif jibu > namba:
        print("Kubwa. Shuka chini.")

print("Umeipata! Idadi ya makisio:", mara)
```

Usiiandike yote kwa mkupuo. Andika mistari miwili ya msimbo iliyo juu, ongeza `print(namba)`, endesha mara tatu nne uone namba ikibadilika kila mara. Ukiridhika, futa hiyo `print` uendelee. Hivi ndivyo wanavyofanya hata waliobobea: kipande kidogo, jaribio, kipande kingine.

`while` ni kitanzi. Maana yake: maadamu jibu si sawa na namba, rudia yaliyo ndani. Tuliipa `jibu` thamani ya 0 mwanzoni ili kitanzi kiwe na kitu cha kulinganisha, na 0 haiwezi kuwa namba ya siri. `if` inapima sharti, na `elif` inapima sharti jingine iwapo la kwanza halikutimia. Mstari wa `mara = mara + 1` unawasumbua waliozoea hesabu za shuleni, maana hakuna kitu kinacholingana na chenyewe ukikijumlishia moja. Usome kutoka kulia: chukua iliyomo kwenye `mara`, ongeza moja, itunze tena kwa jina lilelile.

Nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari si pambo. Ndizo zinazoiambia Python kipi kiko ndani ya kipi. Mistari yenye nafasi nne iko ndani ya kitanzi. Yenye nane iko ndani ya `if` au `elif`. IDLE itakusogezea yenyewe ukigonga Enter baada ya nukta mbili, na ikiwa haikukusogezea, rudi ukaangalie, huenda umesahau hizo nukta mbili. Jaribu kuusogeza mstari wa mwisho ndani kwa nafasi nne, uendeshe mchezo. Utapongezwa kila unapokisia, hata ukiwa umekosea, kwa kuwa pongezi sasa imo ndani ya kitanzi. Urudishe nje.

Programu ikigoma kusimama, gonga Ctrl na C kwa pamoja. Itakatika na kuandika `KeyboardInterrupt`, na hakuna kitakachoharibika.

Ukicheza, usikisie ovyo. Anza na 50. Ukiambiwa ni kubwa, nenda 25; ukiambiwa ni ndogo, nenda 75. Kila mara kata katikati ya zilizobaki. Namba mia zinabaki hamsini, kisha 25, 12, 6, 3, 1, na kwa njia hiyo makisio saba yanatosha siku zote, namba iwe ipi. Ndiyo njia ileile kompyuta inayotumia kutafuta kitu ndani ya orodha iliyopangwa kwa mfuatano, na umeigundua kwa kucheza.

Basi tuufanye mchezo uwe mgumu: makisio saba tu, zaidi ya hapo umeshindwa. Badilisha mstari wa kitanzi:

```
while jibu != namba and mara < 7:
```

Endesha, na ushindwe kwa makusudi kwa kuandika 1 mara saba. Isipokuwa namba ya siri yenyewe iwe 1, mwishoni utasoma `Umeipata!` ilhali hukuipata. Hakuna maandishi mekundu. Ni lile kosa la 57 limerudi kwa sura nyingine: kitanzi sasa kina njia mbili za kuishia, na pongezi yetu iliandikwa kwa njia moja. Ondoa mstari wa mwisho, uweke hii, bila nafasi mwanzoni mwa `if` na `else`:

```
if jibu == namba:
    print("Umeipata! Idadi ya makisio:", mara)
else:
    print("Umeshindwa. Namba ilikuwa", namba)
```

Alama za `=` ni mbili hapa, kwa sababu tunauliza kama vitu viwili vinalingana, hatutunzi kitu. Ukiweka moja, Python itakataa na kukuuliza kama ulimaanisha `==`. Endesha mara tatu: shinda mara moja, shindwa mara moja, kisha jaribu kuipata namba kwenye kisio la saba lenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo wengi husahau kuijaribu.